Chupa Isiyo na Lebo

Kesi ya kupotea kwa Bwana Chupa ilifungwa kwa ulimi wa sajenti, na hakuna namna ya heshima zaidi ya kulisema jambo hilo. Jalada lilikuwa nene. Lilikuwa na picha za pikipiki kutoka kila upande, maelezo ya mkata tiketi wa stendi ya bandarini, na maelezo ya mwenye kibanda cha kuchajia simu ambaye hakuona kitu na alieleza kwa kirefu jinsi ambavyo hakuona. Lakini uamuzi wenyewe ulitokana na tone moja la maji. Sajenti alilidondosha ulimini, akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi, akatamka: chumvi.

"Yana chumvi, Inspekta," alirudia sasa, amesimama mlangoni mwa stoo ya vielelezo, mikono nyuma. "Na chumvi iko wapi? Baharini. Mto wetu huku juu ni maji baridi matupu. Pikipiki tuliikuta chini, stendi ya bandarini. Chupa ina maji ya chini. Bwana alishuka, akaegesha, akapanda basi, akaenda zake. Wanaume wanaondoka, Inspekta. Huyu si wa kwanza."

"Ulionja kielelezo."

"Tone tu."

Inspekta hakumgombeza. Alikuwa mtu wa taratibu, vijana wa kituoni walimwita Kobe wakidhani hajui, na jalada hili lilimfikia kwa sababu ya benchi tu. Kwa miezi minne, kila Jumatatu asubuhi, mke wa Bwana Chupa alikuja kukaa kwenye benchi la mapokezi. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alikaa tu, vidole vimejaa rangi, mpaka mkuu wa kituo akachoka kupita mbele yake akisingizia kusoma simu. "Mpe Kobe," alisema mkuu. "Angalau atamchosha."

Chupa yenyewe ilikuwa ya plastiki, mdomo mpana, kizibo cha bluu, kimo chake hakizidi kiganja. Ilikutwa chini ya kiti cha pikipiki, mahali pa kuwekea spana, imeviringishwa kwenye kitambaa. Kasha la chupa nyingine, lile alilozoea kulifunga nyuma ya kiti, halikuonekana. Mwenye pikipiki alikuwa fundi wa maabara ya maji. Kazi yake ilikuwa kupita mtoni na kujaza chupa, na mtaa mzima ulikuwa umesahau jina alilopewa na wazazi wake.

Maji ya ndani yalikuwa meupe, angavu, na tope jekundu limelala chini. Inspekta aliitikisa chupa mpaka yote yakawa mekundu, akaiweka rafuni, akafungua jalada. Hakuwa amemaliza maelezo ya mkata tiketi alipoinua macho akaona juu ya chupa kumeanza kung'aa. Tope lilikuwa linashuka kwa mabonge madogo laini, kama maziwa yaliyokatika.

"Tope hutulia," alisema sajenti.

"La mto huu halitulii hivi."

Alikuwa na hakika. Mabomba yakikauka, hata yeye alichota mtoni, na ndoo ilikaa jikoni kwake wiki nzima ikiwa bado nyekundu vilevile. Mkewe, alipokuwa bado anaishi naye, aliitazama ndoo ile na kusema itatulia siku mwenye nyumba atakapotulia. Sasa mkewe alikuwa kwa dada yake, na simu zao zilikuwa za kuulizana afya. Inspekta alitia saini kwenye daftari la stoo, akaichukua chupa.

*

Mke wa Bwana Chupa alikuwa mchora mabango. Chumba chake cha mbele kilijaa mbao zilizosimamishwa ukutani zikauke: KINYOZI, TUNANUNUA VYUMA CHAKAVU, HAPANA KUKOJOA HAPA. Herufi zake zilinyooka kiasi kwamba hata lile bango la mwisho lilisomeka kama mwaliko.

"Wamekutuma uniambie nisije tena Jumatatu," alisema bila kugeuka, akiosha brashi.

"Nimekuja kuuliza kazi ya mume wako, dada. Alivyoifanya, hatua kwa hatua."

Mwanamke aligeuka. "Miezi minne wananiuliza tulikuwa tunagombana au hatugombani. Wewe wa kwanza kuuliza kazi."

"Basi nianzie hapo. Siku ya kuchukua maji alianzia wapi?"

"Chini kabisa, mto unapoingia baharini. Alitoka alfajiri, anajaza ya kwanza kule, halafu anapanda. Vituo vitano. Cha mwisho ni daraja hili hapa, ukisimama mlangoni unaliona. Alikuwa akisema anapanda ngazi kuja kwangu." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamponyoka. "Nilikuwa naisikia pikipiki inazimwa darajani. Hapo nainjika maji ya chai. Ikiwaka tena, najua amebakiza kona mbili."

"Na siku ile?"

"Siku ile niliisikia inazimwa."

Inspekta aliacha kuandika. "Darajani?"

"Darajani. Nikainjika maji. Ikakaa kimya kuliko kawaida, halafu ikawaka, lakini sauti haikuja huku. Ilipanda juu. Nikasema kasahau kitu, atarudi. Maji yakakauka jikoni, sufuria ikaungua. Ile pale, bado sijaisugua."

"Hili halimo kwenye jalada."

"Nilimwambia sajenti. Akaniuliza kama naweza kutofautisha mlio wa pikipiki moja na nyingine. Nikamwambia naweza. Akacheka, hakuandika."

Inspekta alirudi nyuma kumpisha apite, akaegemea HAPANA KUKOJOA HAPA, na kiganja chake kikatoka na nusu ya onyo. Mwanamke alicheka kwa mara ya kwanza. Alimpeleka jikoni, akampa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha sabuni.

"Sugua sana. Yeye alikuwa anarudi na tope la kule chini mpaka kwenye viwiko. Nilimpa kipande cha sabuni atembee nacho, akanirudishia. Anasema kule baharini sabuni ni kama kujipaka jiwe, haitoi hata povu. Kwa hiyo kunawa ananawia hapa, anachafua beseni langu, ananisimulia."

Inspekta alifuta mikono, akaiweka chupa mezani. Mwanamke aliitazama, hakuigusa.

"Haina lebo," alisema.

"Ndilo nililotaka kuuliza."

"Lebo nilikuwa naandika mimi. Mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye wino, maabara walikuwa wanamrudishia. Jioni anakaa kiti hicho, ananitajia mahali, mimi naandika. Kwenye nafasi ya aliyechukua namchorea kichupa kidogo. Wakubwa wake walikasirika, halafu wakazoea." Alivuta kiti kile, akakaa yeye. "Kaka, mimi sijui sheria. Nina swali moja tu, na hakuna anayenijibu. Siku ile alikuwa anakuja au alikuwa anaondoka? Nikijua hilo, Jumatatu mtapumzika."

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya milango miwili. Kati ya mlango na mlango Inspekta alivuliwa viatu, akavalishwa kofia ya nailoni na koti lisilomtosha. Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo mwenye sweta mbili, maana chumba kilikuwa baridi. Wanafunzi wake walimwita Mama Tope, naye alikuwa ameliandika jina hilo mwenyewe kwenye kikombe chake.

"Usiguse meza," alisema. "Usikohoe upande huu. Chembe moja tu ya vumbi inatupotezea wiki. Fundi wetu ndiye aliyekuwa anaosha vyombo hapa, na tangu aondoke hakuna kipimo ninachokiamini."

"Tangu aondoke?"

"Tangu asionekane," alijirekebisha. "Nikuambie ukweli, Inspekta, bado nikisikia mlango wa nje nageuka."

Katikati ya meza kulikuwa na chombo cha chuma, si kikubwa kuliko cherehani. Ndani yake, katika kikombe cha maji, vipande viwili vya ulanga vilikuwa vinatazamana. Ulanga, alieleza Daktari, ni lile jiwe linaloambuka kurasa kurasa, na ukurasa wake ni laini kuliko kioo chochote. Kimoja kilifungwa imara. Kingine kilikaa kwenye ncha ya utepe mwembamba wa chuma, na utepe ule ulipopinda, hata kwa kiasi kisichoonekana, mashine ilijua ni kwa nguvu gani.

"Inapima nini?"

"Kama vinapendana," alisema Daktari. "Kwenye maji, uso wa ulanga unabaki na chaji hasi. Nyuso zote mbili. Na chaji za aina moja zinasukumana, huo ni umeme tuli, shule ulifundishwa. Hapa nimeweka maji safi matupu. Tazama mstari ule."

Alizungusha kitufe. Kwenye skrini mstari ulianza kupanda mapema, taratibu.

"Bado viko mbali, lakini tayari vinasikiana. Kila kimoja kinamwambia mwenzake abaki huko huko. Sasa natia chumvi. Hapa kutia chumvi ni kazi rasmi." Alidondosha matone, akasubiri, akazungusha tena. Safari hii mstari ulilala chini kwa muda mrefu. Kisha, vipande vilipokaribiana mno, ulianguka ghafla, na utepe wa chuma ukaruka.

"Vimeshikana," alisema Inspekta.

"Vimeshikana."

"Chumvi imeondoa chaji?"

"Haijaondoa. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika chembe zenye chaji, chanya na hasi. Zile chanya zinakuja kuusonga ulanga pande zote, zinaufunika. Chaji iko palepale, ila mwenzake haisikii mpaka wakaribiane kabisa. Na wakishakaribiana hivyo kuna mvuto mwingine, wa karibu karibu tu, ambao chumvi haiwezi kuuzima. Huo ndio unaowanasa."

"Kwa hiyo muda wote walikuwa wanaweza kushikana. Tatizo lilikuwa kusukumana wakiwa mbali."

"Unafaa kuwa mwanafunzi wangu."

Inspekta alivitazama vipande vile viwili. Alikumbuka simu ya juzi, mkewe akiuliza kama anakula, yeye akijibu kuwa anakula. Alikuwa na hamu naye, na hakumwambia. Aliitoa chupa mfukoni.

"Na tope ni hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Udongo wa mto wetu ni vijikurasa vidogo sana vyenye chaji hasi. Kwenye maji baridi vinasukumana, kila kimoja kinaelea peke yake, ndiyo maana mto ni mwekundu mwaka mzima. Vikikutana na chumvi vinashikana, vinakuwa mabonge, mabonge yanazama. Kule mto unapoingia baharini ndiko tope lote linakolala." Aliitwaa chupa, akaitikisa, akaitazama ikianza kung'aa. Uso wake ulibadilika. "Hii ina chumvi ya kutosha kabisa. Ni ya kwake?"

"Ni ya kwake. Sajenti wangu anasema ni ya baharini."

"Sajenti wako anaweza kuwa sahihi. Tope halijui chumvi imetoka wapi. Chumvi ni chumvi."

"Sabuni inajua?"

Daktari aliiweka chupa mezani. Kisha alicheka, akainuka kwenda kabatini. "Nani kakuambia hilo? Ni yeye, sivyo? Ni maneno yake." Alirudi na mirija mitatu ya kioo. "Maji ya bahari si chumvi ya jikoni peke yake. Yana magnesi na chokaa, na hivyo ndivyo vinavyoiua sabuni. Hapa maji ya bahari. Hapa maji baridi niliyotia chumvi ya jikoni. Hapa ya kwenye chupa yako, matone machache, na utaniandikia karatasi kwamba umeniruhusu."

Alitia mabaki ya sabuni kwenye kila mrija, akaiziba kwa dole gumba, akatikisa mmoja mmoja. Wa bahari ulitoa utando mweupe wenye mabonge mabonge, basi. Wa chumvi ya jikoni ulitoa povu. Aliutikisa wa tatu kwa muda mrefu kuliko mingine. Povu lilipanda mpaka kwenye dole gumba lake.

Inspekta aliinama kulitazama kwa karibu.

"Kipimo kamili nitakufanyia, cha kupeleka mahakamani," alisema Daktari hatimaye. "Lakini haya maji hayajawahi kuiona bahari. Mtu kamwaga chumvi mtoni huku juu."

"Fundi wako alijaza chupa ya mwisho darajani. Kama ingetulia mkononi mwake, angeelewa nini?"

"Angeelewa kila kitu palepale. Kaitazama chupa ya daraja miaka yote ikiwa nyekundu." Daktari alijishika sweta. "Na asingekwenda nyumbani. Angepanda kuifuata chumvi."

"Aifuate wapi? Nani huku juu ana chumvi ya kubadilisha mto?"

"Mtu mwenye kitu kisichotakiwa kuoza," alisema Daktari.

*

Kiwanda cha ngozi kilikuwa juu ya daraja, barabara ya vumbi inapoishia. Harufu yake ilikupokea kabla ya mlinzi. Ngozi mbichi zilifika pale zimesilibwa chumvi zisioze, zikaoshwa, na maji ya kuoshea yalipaswa kwenda kwenye mashimo ya saruji kukaushwa na jua, yasifike mtoni. Haya yote meneja aliyaeleza mwenyewe, kwa furaha, akitembea mbele. Alikuwa mtu safi mno kwa mahali kama pale, viatu vinang'aa.

"Huyo bwana wa chupa nilimsikia redioni," alisema. "Masikini mke wake. Lakini huku hakufika. Na wiki ile hata angefika asingemkuta mtu, tulifunga kwa matengenezo."

"Wote?"

"Wote. Tulibaki mimi na mafundi wachache wa kutoka nje. Hapakuwa na ngozi iliyooshwa."

"Kwa hiyo hapakuwa na maji ya chumvi."

"Hata kikombe."

"Naomba niyaone mashimo."

Meneja alisita kiasi cha mtu kukumbuka ufunguo, kisha akamwongoza nyuma. Kulikuwa na mashimo mawili mapana, maji ya kijivu yamekauka pembeni yakaacha ganda jeupe. Karibu nayo kulikuwa na uwanja mdogo wa zege, mpya, wenye rangi nyepesi kuliko kitu chochote pale. Bomba la kutoka kiwandani lilikuwa na matawi matatu. La tatu lilikatwa, likazibwa kwa mbao.

"Yalikuwa matatu," alisema Inspekta.

"La tatu lilivuja, tukalifukia. Tulitaka kujenga kibanda juu yake."

"Lilivuja lini?"

"Ndiyo yalikuwa hayo matengenezo."

"Na kilichokuwa ndani kilivujia wapi?"

"Chini. Ardhini."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akaandika, akakaa kwenye tofali kufunga kamba ya kiatu. Aliifunga polepole kwelikweli, kwa namna iliyompa jina lake. Wafanyakazi walikuwa wanapita na ngozi mabegani kutoka bohari kwenda ukumbi wa kuoshea. Ule uwanja wa zege ulikuwa katikati ya njia yao, mkavu, ulionyooka. Kila mtu alipoufikia alikata kona. Walipita kwenye tope, pembeni ya ukuta, mzigo mzito mabegani, wakauzunguka wote, wakarudi kwenye njia. Mzee mmoja hata alimvuta mwenzake mgeni kwa shati asiukanyage.

Kamba ya kiatu ilikuwa imeshafungwa zamani.

"Mbona hawapiti juu ya zege?" aliuliza.

Meneja aligeuka kutazama, na Inspekta alimwona akiligundua jambo lile kwa mara ya kwanza, mtu aliyekuwa amekaa ofisini miezi minne hajawahi kutazama watu wake wanavyotembea.

"Mazoea," alisema meneja. "Lilipokuwa bichi tuliwakataza."

"Zege linachukua muda mrefu kukauka hapa." Inspekta alisimama, akajipangusa. "Usitoke mjini. Nitaacha askari wawili getini, na nakwenda kwa hakimu kuomba kibali cha kupasua. Kama ni shimo lililovuja tu, serikali italitengeneza upya kwa gharama yake."

"Unatafuta nini, Inspekta? Huyo mtu aliondoka. Si mmekuta pikipiki yake bandarini?"

"Tumeikuta. Ila kila mtu anajua alikuwa anaanzia huko," alisema Inspekta. "Aliyeipeleka hakujua alikuwa anamrudisha mwanzo wa safari."

Getini mlinzi alimfungulia bila kumwangalia usoni. Inspekta alimsalimia, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kesho atakuja kuzungumza naye kituoni, aje na mkewe akitaka. Mlinzi aliufunga mlango, akashindwa kuutia komeo.

*

Alifika kwa mchora mabango jua likiwa bado juu. Alimkuta sakafuni, anajaza rangi nyeupe kwenye herufi za duka la dawa.

"Nina jibu lako," alisema akiwa mlangoni, kwa sababu alijua akikaa atashindwa. "Alikuwa anakuja. Maji ya chupa si ya baharini. Ni ya hapa juu, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Ulisikia kweli. Alifika darajani, akaona jambo, akapanda kulitazama, akachukua chupa moja ya ziada akaificha chini ya kiti. Pikipiki ilipelekwa chini na watu wengine."

Mwanamke aliinua uso, na uso huo ukawa kijana ghafla. "Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia wote. Mama yake mwenyewe aliniambia nikubali. Nikamwambia mama, mwanao nilimsikia darajani." Alikuwa anacheka, anajifuta machozi kwa mkono wenye rangi, anajipaka weupe shavuni. "Alikuwa amebakiza kona mbili."

"Kona mbili."

Inspekta alisubiri. Alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, na alijua habari njema hii ilikuwa na mwenzake nyuma yake, anakuja.

Brashi iliacha kutembea. Mwanamke aliitazama, akaiweka juu ya kopo, akailaza vizuri isidondoshe.

"Basi hayuko kule chini," alisema.

"Hayuko, dada."

"Hakuna basi alilopanda."

"Hakuna."

"Kesho mnakwenda kufanya nini huko kiwandani?"

"Kuchimba."

Alijifuta rangi vidoleni. Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Unajua nilikuwa nafanya nini usiku?" alisema. "Mchana nawaambia watu hakuniacha. Usiku namwomba Mungu awe ameniacha. Awe na mwanamke huko, mnene, mkali, anamfulia. Nilishampa mpaka sura. Nilitamani nimwone hata akiwa anamkumbatia huyo, nipite mbali, nirudi nyumbani. Jumatatu kwenye benchi nilikuwa naogopa mtu asije akaniambia nilikuwa sahihi."

Inspekta alivua kofia. Alitoa chupa, na karatasi ndogo yenye gundi ya maabara.

"Daktari anaipima kesho. Inatakiwa iwe na lebo," alisema. "Ningeweza kuandika mimi."

"Mwandiko wako ukoje?"

"Mbaya."

Mwanamke alivuta kiti, akakaa upande wake wa meza. Kile kingine, cha mumewe, alikiacha. Alifungua kalamu, akaunyoosha mgongo.

"Mahali?"

"Nyuma ya kiwanda cha ngozi, juu ya daraja."

Aliandika. Herufi zilitoka zimenyooka, kama za mabango yake yote, hakuna hata moja iliyotetemeka. Alipofika kwenye nafasi ya aliyechukua alisita, kalamu hewani. Kisha alichora kichupa kidogo, na kizibo chake, na mstari wa maji ndani. Alipuliza wino ukauke. Alibandika lebo, akaisawazisha kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni ili isiwe na makunyanzi, na alipomaliza hakuiachia.

"Naweza kukaa nayo mpaka kesho?"

"Hairuhusiwi. Kielelezo hakilali nje."

"Sawa."

Inspekta alivuta kigoda kilichokuwa ukutani, akakaa karibu na mlango, akaweka kofia magotini.

"Lakini sina haraka," alisema.

Mwanamke aliishika chupa kwa mikono miwili, maji yametulia, tope limelala chini. Baada ya muda aliinuka nayo, akaenda jikoni, na Inspekta akasikia maji ya ndoo yakimiminwa, na waya wa kusugulia ukianza kuisugua sufuria iliyoungua.